Barua pepe imetoka kwa mtu unayemjua? Mpigie kwanza

Ofisi moja hapa Dodoma iliniita wiki ya mwisho ya Juni, wakati mwaka wa fedha unafungwa na kila mtu anahangaika na malipo. Katibu muhtasi alikuwa amepokea barua pepe kutoka kwa mhasibu wa idara yake mwenyewe, yenye kichwa "Marekebisho ya posho ya safari". Ndani mlikuwa na mstari mmoja, "Angalia jina lako haraka", na kiambatisho chenye alama nyekundu ya PDF. Akabofya. Kioo kikapepesa, hakikufunguka kitu. Akabofya tena, mara tatu nzima, akadhani mtandao umesumbua, akaendelea na kazi.

Haikupita robo saa simu zikaanza kuita: "Dada, umenitumia nini hiki?" Yeye hakuwa ametuma chochote. Kompyuta yake ndiyo iliyotuma.

Nilipolikagua lile faili, jina lililoonekana kwenye kioo lilikuwa Posho.pdf. Jina lake kamili lilikuwa Posho.pdf.exe. Windows, usipoibadilisha, huficha herufi za mwisho za aina za faili inazozitambua, na hizo herufi ndizo zinazosema kama kitu ni waraka au ni programu. Dada yule hakufungua orodha ya posho. Aliwasha programu iliyovaa sura ya PDF, kama mtu aliyevaa sare isiyo yake. Ukitaka kuziona herufi hizo kwenye kompyuta yako, fungua folda yoyote, nenda View, kisha weka alama kwenye File name extensions. Katika Windows 11 utapita kwanza kwenye Show. Ni kazi ya nusu dakika, nami naomba uifanye leo.

Programu ya namna hii tunaiita mnyoo. Kirusi hujibandika kwenye faili au programu nyingine na kusafiri nayo. Mnyoo hujitegemea, hujinakili wenyewe na kutafuta pa kwenda. Mnyoo wa barua pepe hufungua kitabu chako cha anwani na kujituma kwa jina lako. Melissa, kirusi cha waraka wa Word kilichosambaa Machi 1999, kilitumia njia hiyohiyo, kikijituma kwa anwani 50 za kwanza. Piga hesabu: watu 50 wakifungua wote, wanaofikiwa ni 2,500, na hao wakifungua ni 125,000. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Mei 2000, ukaja ILOVEYOU kutoka Ufilipino, ukijifanya barua ya mapenzi iliyoandikwa TXT huku herufi zake za mwisho zikiwa zimefichwa, mbinu ileile iliyomnasa katibu muhtasi wetu. Wenyewe ulijituma kwa anwani zote, ukafuta picha za watu kwa kuandika juu yake. Bunge la Uingereza lilizima barua pepe zake siku hiyo. Mtuhumiwa hakuhukumiwa kwa sababu Ufilipino haikuwa bado na sheria ya kosa hilo. Sisi Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015.

Mbinu zimekua. Kwa kuwa huduma nyingi za barua pepe sasa huzuia mafaili ya .exe, mnyoo hufichwa ndani ya zip yenye neno la siri, au ndani ya waraka wa Word unaokuomba ubofye Enable Content, yaani uruhusu programu iliyofichwa ndani yake ifanye kazi. Usibofye. Emotet, ambao polisi wa nchi kadhaa waliuvunja Januari 2021, ulikuwa ukiiba mazungumzo halisi ya barua pepe na kujibu humohumo. Unasoma jibu la mwenzako, juu ya jambo mlilokuwa mkijadili kweli, na kiambatisho ni sumu. Hapo kumtazama mtumaji hakukusaidii. Mpigie simu umuulize: "Hiki umenitumia wewe?"

Madhara mengine hayaonekani haraka. Kompyuta huwa nzito na bando linaisha bila sababu. Maneno ya siri uliyoyahifadhi kwenye kivinjari yanaweza kuchukuliwa, na mlango ukabaki wazi kwa programu ya kufunga mafaili na kudai fedha. Tena anwani ya ofisi ikitema barua nyingi chafu, huduma nyingine huiorodhesha kama msumbufu. Ofisi ile ilikaa siku kadhaa barua zake halali zikiangukia kwenye taka za wapokeaji, mwisho wa mwaka wa fedha.

Lililoniuma zaidi ni jingine. Mhasibu alikuwa amefungua kiambatisho kilekile jana yake asubuhi, na aliona mambo si sawa. Alinyamaza kwa kuogopa kuambiwa ameharibu mali ya umma. Angesema ile asubuhi, tungesafisha kompyuta moja. Tulisafisha kumi na moja. Nawasihi wakuu wa idara: anayekuja kusema "nimebofya kitu" mshukuru mbele ya wenzake.

Ukibofya, chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi papo hapo. Usiizime kompyuta yenyewe. Mtaalamu anaweza kuhitaji kuona kinachoendesha kazi ndani. Mwite afisa TEHAMA. Badilisha maneno ya siri ukitumia kifaa kingine, ukianza na la barua pepe na la benki. Usichomeke flash ili "kuokoa" mafaili, maana utaibeba shida hadi nyumbani. Wanaotumia kompyuta za steshenari kutuma maombi ya kazi au kuchapa, toka kwenye barua pepe yako kabla hujanyanyuka kwenye kiti.

Kisha chukua simu uwapigie watu unaoandikiana nao mara kwa mara, kabla hawajafungua walichopokea kwa jina lako.