Breki ya santuri haioni lebo: dhana potofu kuhusu santuri zinazoanza na kusimama zenyewe

"Fundi, breki yake imekufa. Sindano inafika kwenye lebo na meza bado inazunguka." Meza hapa ni ile duara inayozungusha sahani ya muziki. Maneno haya huja na karibu kila santuri ya kutia ufunguo inayoletwa kutengenezwa, na mara nyingi huja yamechelewa. Mwenye mashine ameshafungua, ameona kijichuma kinachofuata mkono wa sindano, akakikunja kwa koleo ili "kiwahi kugusa". Chuma kilichofanya kazi miaka 80 kinaharibiwa kwa dakika tano, kwa sababu ya imani moja tu: kwamba breki hupima mahali. Eti sindano ikikaribia lebo kuna kitu kinaguswa, basi meza inasimama.

Haipimi mahali, na isingeweza, kwa kuwa nyimbo haziishii mahali pamoja. Chukua sahani mbili za inchi 10. Yenye wimbo wa dakika mbili na nusu huishia mbali na lebo, na yenye dakika tatu na ushei huishia karibu kuigusa. Breki ya kupima mahali ingeukata wimbo mrefu kabla haujaisha, au ingeuacha mfupi uzunguke bure. Breki za namna hiyo ziliwahi kuwapo, kwenye santuri nyingi za Victrola za kampuni ya Victor za miaka ya 1910. Msikilizaji alipeleka kwanza sindano kwenye mfuo wa mwisho, akaitega breki pale, kisha akaurudisha mkono mwanzo. Kila sahani ilitegwa upya. Ni usumbufu huo uliofanya watafute njia nyingine.

Njia iliyopatikana ni kupima mwendo wa mkono. Meza ikizunguka mara 78 kwa dakika, wimbo wa dakika tatu ni mizunguko 234. Katika kila mzunguko mfuo huusogeza mkono ndani kwa takriban robo milimita tu. Wimbo ukiisha, sahani iliyokusudiwa kwa breki hizi ina mfuo wa kutokea: mstari mpana, mmoja au miwili, unaokimbilia lebo kwa milimita kadhaa kwa mzunguko mmoja. Kwenye sahani nyingi mstari huo huingia kwenye duara la mwisho ambalo kitovu chake kimewekwa pembeni makusudi, hivyo mkono huyumba ndani na nje bila kukoma.

Kwa hiyo kuna breki za kasi na breki za kuyumba. Ya kasi ina kilimi chembamba kinachosukumwa na mkono kupitia kiungo cha msuguano, yaani vipande viwili vya bati vilivyobanwa kidogo na springi, pengine na kipande cha felti au ngozi katikati. Chini ya meza, kwenye mhimili, kuna jino. Kila mzunguko jino hilo hukipiga kilimi kwa upole na kukirudisha ile robo milimita kilichosogea. Mkono ukikimbia milimita tano kwa mara moja, kilimi huwa kimeingia mno kwenye njia ya jino. Hakirudishwi tena. Kinanaswa, kinavuta komeo, na komeo linaachia breki ibane ukingo wa meza. Breki ya kuyumba ina meno madogo kama ya msumeno. Mkono ukienda ndani, kilimi huteleza juu ya meno, na ukirudi nje hata kidogo, kilimi hukamata jino na kufyatua.

Ukishaelewa hapo, "breki imekufa" inabaki na maana chache, na ya kwanza haiko kwenye mashine kabisa. Inua sahani kwenye mwanga wa ubavuni uangalie kati ya wimbo na lebo. Kama hakuna mstari mpana unaoelekea lebo, breki haina cha kuhisi. Sahani nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1920 hazina mfuo wa kutokea. Sindano hufika mwisho na kubaki palepale, mkono umetulia tuli, na breki ya kasi au ya kuyumba itasubiri mpaka kamani, ile springi kuu inayokazwa kwa ufunguo, iishiwe. Kampuni ya Columbia walikuwa na dawa ya hilo kwenye santuri zao za Grafonola, breki isiyotegwa inayofyatuka mkono *unapoacha* kusogea. Usiwe na Grafonola ukaitengeneza kwa maelezo ya santuri ya HMV (His Master's Voice), na usiwe na HMV ukailaumu kwa sahani ya mwaka 1912.

Kama mfuo wa kutokea upo na breki haishiki, acha bisibisi ilipo na ujaribu kwa mkono. Tia ufunguo nusu. Vuta mkono wa sindano kulia hadi meza ianze, kisha ushikilie juu ya meza bila kugusa sahani. Usogeze ndani taratibu sana, unywele kwa unywele, kwa mizunguko 20 hivi. Haipaswi kufyatuka. Kisha usogeze ndani karibu nusu sentimita ndani ya mzunguko mmoja. Sasa inapaswa kufyatuka. Kwa breki ya kuyumba, peleka mkono ndani karibu na lebo kisha urudishe nje milimita mbili. Jaribio hili la dakika moja linasema zaidi ya saa nzima ya kuchokonoa, na matokeo yake husomwa hivi:

Isipofyatuka kabisa, msuguano ni mdogo. Mkono unakwenda, kilimi kinabaki nyuma. Karibu kila mara ni mafuta yaliyoingia kwenye kile kiungo. Ikifyatuka katikati ya wimbo, au ikitoa mlio wa "tik" kila mzunguko, msuguano ni mkubwa. Jino linashindwa kukirudisha kilimi, kwa hiyo linaupiga mkono wenyewe, na sindano inasikia. Hapo ni grisi ya zamani iliyoganda kama gundi, au mtu alikaza skrubu ya kiungo akidhani anaongeza nguvu ya breki.

Katika hali zote mbili dawa ni kusafisha kwanza. Toa meza: kwenye mashine nyingi imeketi tu kwenye mhimili uliochongwa mshazari, kwa hiyo ishike pande mbili zinazotazamana uivute juu sawasawa. Nyingine zina klipu katikati, iondoe kabla hujavuta. Safisha kiungo kwa petroli ya kiberiti au spiriti, ukitumia brashi laini na kipande cha karatasi kupita kati ya bati mbili. Usitumie mafuta ya taa. Huondoa uchafu, lakini huacha utando wa mafuta, nawe utakuwa umehama kutoka ugonjwa mmoja kwenda mwingine. Acha kikauke, rudia jaribio. Ni baada ya hapo tu ndipo skrubu ya msuguano iguswe, robo ya mzunguko kwa mara moja. Kijichuma chenyewe kisikunjwe, maana kikishakunjwa hukutana na jino kwa pembe isiyo yake, na kukirudisha kwenye pembe ya kiwandani bila mashine nyingine ya kulinganisha ni kubahatisha.

Kuna kosa moja linalowachanganya hata mafundi wazuri. Breki ya kuyumba inafyatuka katikati ya wimbo, kwenye sahani moja tu, nyingine zote zinapiga vizuri. Tatizo ni tundu la sahani. Tundu likiwa limelika, au sahani ilitoka kiwandani na kitovu kimehama milimita moja, mkono huyumba milimita mbili katika kila mzunguko, wakati mfuo unausogeza ndani robo tu. Maana yake mkono unarudi nje kila mzunguko, jambo lilelile breki imefundishwa kulitafuta. Mashine nyingi hulipunguza hili kwa kuacha kiungo kisianze kazi mpaka mkono uwe umeingia sana, ndiyo sababu ubaya hujitokeza nusu ya pili ya wimbo. Zungusha ukanda wa karatasi kwenye mhimili hadi tundu likae bila kucheza, sogeza sahani kidogokidogo mpaka mkono utulie, na breki itatulia pia. Kuna breki ngapi zimefunguliwa bure kwa sababu ya tundu!

"Weka mafuta kila mahali, itafanya kazi vizuri"

La. Santuri ina sehemu zinazotaka mafuta na sehemu zinazoharibiwa nayo, na zinakaa sentimita chache kutoka kwa nyingine. Ncha mbili za mhimili wa gavana, yaani kidhibiti mwendo cha mota, tone moja kila moja. Gia ya parafujo, grisi kidogo. Felti inayogusa diski ya gavana, tone moja pia, la sivyo italia na mwendo utayumba. Lakini ngozi ya breki, ile inayobana ukingo wa meza, haitaki hata harufu ya mafuta, na kiungo cha msuguano vivyo hivyo. Dawa za kupuliza za kulegeza nati zisikaribie kabisa, kwa sababu huwezi kuzilenga. Ukipulizia gavana umepulizia na breki. Ngozi iliyolowa mafuta ibadilishwe, kipande cha ngozi cha milimita 2 kinatosha. Iliyokauka na kung'aa isuguliwe kwa msasa mpaka iwe na vinyweleo.

"Haianzi mpaka uisukume meza"

Kuanza yenyewe ni kuachia breki, hakuna zaidi ya hapo. Hakuna kifaa cha pili kinachoipa meza msukumo. Kwenye mashine kama HMV 102, ile ya kubeba iliyotoka mwaka 1931, mkono huvutwa kulia, nje ya ukingo wa sahani, mpaka usikie "tak". Mlio huo ni komeo likitegwa upya na breki ikiachia kwa pamoja. Anayeuinua mkono na kuuweka moja kwa moja juu ya sahani hajatega chochote. Breki bado imebana, naye anaanza kuisukuma meza kwa kidole dhidi ya ngozi iliyoishika. Baada ya mwezi ngozi imelika na sasa breki kweli haishiki.

Utaratibu ni huu: tia ufunguo, vuta kulia mpaka tak, acha meza ishike mwendo kwa sekunde chache, ndipo ushushe sindano. Usivute kwa nguvu baada ya tak, kuna pini ndogo inayozuia na hupinda. Kama breki imeachia na meza bado inasitasita, kuanza kwake kuna afya, ugonjwa uko kwenye mota: grisi ya ndani ya pipa la kamani imekauka, au gavana imekwama.

"Inazunguka polepole, breki ndiyo inakwaruza"

Wakati mwingine ni kweli. Breki ikiachia, kati ya ngozi na meza inatakiwa ipite kadi nene ya karatasi bila kugusa. Ikipita, iache breki. Pima mwendo kwa diski ya mistari, ile inayowekwa juu ya meza na mistari yake huonekana imesimama chini ya taa mwendo ukiwa sahihi, lakini hakikisha ni ya umeme wa nchi uliyopo. Afrika Mashariki tuna umeme wa hertz 50, hivyo diski sahihi ina mistari 77. Ya Kimarekani, ya umeme wa hertz 60, ina mistari 92, na chini ya taa zetu itaonekana imetulia meza ikiwa kwenye mizunguko 65 tu. Wimbo unaburuta, nawe unaapa mwendo ni sahihi. Tumia taa inayopepesa. Baadhi ya balbu za LED hazipepesi na mistari haitasimama kamwe.

"Ikishasimama yenyewe, kazi imekwisha"

Breki ya santuri ya kamani husimamisha meza, haiinui sindano. Kichwa cha sauti chenye uzito wa zaidi ya gramu 100 kinabaki kimekalia ncha moja ya chuma juu ya sahani yako. Inua mkono. Badilisha sindano ya chuma kila upande, maana imetengenezwa ilike na sahani na mwisho wa wimbo mmoja ncha yake imeshachongeka kama patasi. Sahani za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 kwa lebo ya HMV hazitengenezwi tena, na nyingi zilizobaki zimekwanguliwa na sindano ya kurudiwa.

Wala breki haipumzishi kamani. Breki ikibana meza, kamani bado imejikaza ndani ya pipa. Kabla ya kuihifadhi mashine, vuta mkono kulia uiache izunguke bila sindano mpaka nguvu iishe.

"Ya umeme ni afadhali, unazima tu ukutani"

Kwenye mashine za umeme za baadaye zenye gurudumu la mpira linaloendesha meza, mfumo wa kujizima hufanya kazi mbili: hukata umeme na kulivuta gurudumu lisiguse kitu. Ukizima kwenye swichi ya ukutani, umekata umeme tu. Gurudumu linabaki limebanwa kati ya mhimili wa mota na meza, na likilala hivyo wiki kadhaa hupata ubapa. Kuanzia siku hiyo kila wimbo una ngurumo ya "dufu, dufu, dufu" chini yake. Msasa laini huondoa ubapa mdogo, mota ikiwa inazunguka. Ukiwa mkubwa, gurudumu libadilishwe.