Kuamsha misuli: maana yake, na kwa nini nyonga hukaza

Kuamsha misuli ni kufanya zoezi jepesi linalolenga msuli fulani, ili ubongo urudi kuupa kazi yake badala ya kuwabebesha jirani zake. Msuli wenyewe haukulala. Kilichopungua ni amri inayoufikia.

Kila kiungo huendeshwa na misuli inayokabiliana. Mwanasayansi wa Uingereza Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alionyesha kuwa mfumo wa neva ndio unaopanga zamu: msuli mmoja ukiamriwa kukaza, wa upande wa pili huamriwa kulegea. Kwa hiyo usawa wa misuli si kulia na kushoto kufanana, maana hakuna mtu aliye hivyo. Ni kila msuli kubeba sehemu yake.

Mtazame fundi cherehani au dereva wa daladala. Anashinda ameketi, nyonga imekunjwa. Misuli ya mbele ya nyonga huzoea ufupi, na ya makalio, iliyo mikubwa kuliko yote mwilini, hukosa kazi. Akitembea, mguu hauendi nyuma vya kutosha, basi kiuno hupinda kufidia. Jioni analalamika kiuno kinambana, anainama kugusa vidole vya miguu, na nyonga inabaki vilevile.

Zoezi linalomfaa ni hili. Lala chali, kunja magoti, nyayo sakafuni. Kaza makalio kwanza, ndipo uinue nyonga hadi bega, nyonga na goti vikae mstari mmoja. Shikilia sekunde 5, shuka polepole, rudia mara 8 hadi 10. Ukihisi nyuma ya paja ndiyo inayobana, au mgongo umejipinda, vuta visigino karibu na makalio na usiinuke sana. Marekebisho hayo madogo ndiyo kiini cha zoezi. Bila hayo unaimarisha misuli ileile iliyokwisha kuchoka.

Kiungo huachiwa kwenda mbali pale mwili unapoona una nguvu za kukidhibiti. Ndiyo maana kunyoosha peke yake mara nyingi huleta nafuu ya muda mfupi. Lakini nasisitiza, kuamsha nako hakutoshi: baada yake panda ngazi, chuchumaa na kuinuka, tembea mlimani, ili nguvu hiyo itumike.

Ukipata ganzi, maumivu yanayoshuka mguuni au kiungo kuvimba, acha zoezi na umwone mtaalamu wa fiziotherapia.