Samoni, mgebuka na kikaango: maswali ya akina mama wa Ujiji

Mama mmoja wa Ujiji alinionesha picha kwenye simu yake: vipande vinne vya samaki mwenye nyama ya rangi ya chungwa, alivyoletewa na mwanawe kutoka Dar es Salaam vikiwa kwenye boksi la barafu. Kimoja alishakitumbukiza kwenye mafuta ya moto, kikatoka kikavu kama ukuni. Vitatu vilivyobaki ndivyo vilivyozaa maswali haya, na majirani nao wakaongeza ya kwao.

Dada, huyu samoni ni samaki gani hata asifiwe hivi?

Ni samaki wa maeneo yenye baridi. Wengi wanaouzwa madukani hufugwa, hasa Norway na Chile. Gramu 100 za nyama yake zina protini ya gramu 20 hivi, lakini kinachompa jina ni mafuta yake ya omega-3, yanayosaidia moyo na mishipa ya damu, na ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Kwa hiyo samaki huyu amekuja na mafuta yake mwenyewe. Ukimzamisha kwenye mafuta ya kukaangia, umenunua cha ghali ukakifunika kwa cha bei rahisi.

Basi nimpikeje? Jiko langu ni la mkaa, oveni sina.

Oveni ya nini, na migomba iko uani? Kata jani la mgomba, libabue juu ya moto hadi lilainike, lisije likapasuka ukilikunja. Samaki aliyeganda ayeyuke ndani ya friji usiku kucha. Kama huna friji, mfunge vizuri kwenye mfuko, umzamishe kwenye maji baridi, umpike siku hiyohiyo. Usimwache mezani tangu asubuhi.

Mkaushe kwa kitambaa safi. Mpake kitunguu saumu na tangawizi zilizotwangwa, pilipili manga na chumvi kidogo ya kushika kwa vidole viwili. Juu weka vipande vya nyanya na kitunguu. Funga kwenye jani, weka kwenye sufuria yenye maji kidogo chini na vijiti vya kumnyanyua asiguse maji, kisha funika. Kipande chenye unene wa vidole viwili huiva kwa dakika 15 hivi. Ndimu ikamulie mwishoni. Ukiitia mapema na kumwacha akae, nyama inakakamaa.

Ukitaka ngozi ikauke vizuri, tumia kikaango: kijiko kimoja cha mafuta, upande wa ngozi uanze kuguswa na moto, dakika 4 hadi 5, umgeuze, dakika 2 au 3 nyingine. Usimgeuzegeuze kama chapati. Ameiva pale nyama inapoachana kwa mapande ukiibonyeza kwa uma na katikati hakuna sehemu inayong'aa kama mbichi.

Mbona alitoa ute mweupe? Mimi nilidhani ameoza, nikazidisha moto.

Hapo ndipo kile kipande kilipokufia. Ule weupe ni protini inayosukumwa nje na joto, wala si usaha wala uozo. Ukiuona umekuwa mwingi, punguza moto. Aliyeoza utamjua kwa harufu kabla hata hujawasha jiko.

Sisi tusio na watoto Dar je?

Nendeni mwaloni Kibirizi, wanakoshusha samaki wa Ziwa Tanganyika! Mgebuka, samaki wa ziwa hilo, naye ana mafuta yake. Mbanike mkaa ukishapiga majivu meupe, si wakati ndimi za moto zinamlamba, na sehemu zilizoungua nyeusi zitoe. Hata lile jani la mgomba linamfaa.

Dagaa mimi nawapenda zaidi, na sioni haya kusema hivyo mbele ya samoni. Unamla mzima na mifupa yake, na kwenye mifupa ndiko kwenye kalsiamu. Chagua waliokaushwa juu ya chanja, wasio na mchanga. Waoshe, wakaushe kwenye kikaango bila mafuta hadi wanukie, kisha watie kwenye rosti ya nyanya na kitunguu. Halafu wanakaa: mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, aliyekuwa na debe la dagaa wakavu ndani hakuhangaika sana.

Na mawese?

Yale mekundu yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Lakini karibu nusu yake ni mafuta yale yanayopandisha lehemu (kolesteroli), kwa hiyo pima kwa kijiko, usimimine kwa jicho. Na ile tabia ya kuyachoma hadi yapoteze wekundu ndiyo inayoimaliza hiyo karotini.

Nina presha.

Ugomvi wako ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko cha chai, ikiwemo ile iliyojificha kwenye viungo vya pakiti. Samaki wa chumvi mwepuke.

Mjamzito na mtoto mdogo?

Mjamzito ale, mara mbili au tatu kwa wiki. Samoni na dagaa wote wanamfaa, mradi wameiva kabisa. Ile samoni ya moshi inayoliwa bila kupikwa aiache, kwani inaweza kubeba bakteria wa listeria. Mtoto akitimiza miezi 6, twanga dagaa wawe unga laini, umtilie kijiko kwenye uji.

Samaki aliyeshinda juani, nikimchemsha sana si anakuwa salama?

Hapana. Baadhi ya samaki wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Uso unawaka, kichwa kinauma, mwili unawasha. Nunua mapema, mwenye macho angavu na matamvua mekundu.

Mume wangu anasema samaki asiyekaangwa ni chakula cha wagonjwa.

Usibishane naye. Mletee mezani samaki akiwa bado amefungwa kwenye jani, na ugali wa muhogo pembeni na pilipili mbichi. Mwache afungue mwenyewe, ule mvuke wa tangawizi umpige usoni kwanza.