Usanifu wa mifumo si mchoro wa seva

Wengi hudhani usanifu wa mifumo ya taasisi ni shughuli ya watu wa kompyuta: seva, nyaya, mchoro ukutani. Sivyo. Ni kupanga jinsi kazi za taasisi, taarifa na programu zake zinavyoshikamana. TOGAF, mwongozo wa usanifu huo unaotumika sana, una tabaka 4: kazi, data, programu, kisha teknolojia.

Chukua hoteli ya Nungwi. Jina la mgeni huandikwa mara 3: wanakopokea oda za vyumba, mapokezi, uhasibuni. Mgeni akiongeza usiku mmoja, mapokezi hurekebisha, uhasibu hawana habari. Bili inatoka pungufu. Programu mpya haiponyi hilo. Inaongeza pahala pa nne pa kuandika, basi.

Anzeni na jedwali: kazi, anayeifanya, taarifa, programu. Taarifa ikijirudia, amueni nani ndiye mwenye taarifa hiyo; wengine waisome kwake tu. Meneja awepo, maana fundi hana mamlaka ya kuamua hilo.