Ubatizo wa Sultani Yusuf na mahakama ya Goa

Wageni wakija Fort Jesus, ngome ya Wareno hapa Mombasa, wanatuuliza mizinga, wanatuuliza watumwa, ila mahakama ya kidini ya Wareno hakuna anayeiulizia, na wakati ilikuwa na mamlaka mpaka huku kwetu. Makao yake yalikuwa Goa, India, ikaanza 1560, ikafungwa 1774, ikafunguliwa tena 1778, ikaja kufa kabisa 1812. Wenyewe waliiita Inkwizisheni.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba hasa iliwalenga watu waliokwisha batizwa. Wahindu wasiobatizwa nao walisumbuliwa kwa ibada zao, sikatai, lakini ukishamwagiwa maji tu we ni wao moja kwa moja, ukionekana umerudia dini ya wazee wako hiyo ni kesi. Na kesi yenyewe sasa! Unakamatwa huambiwi kosa, unaulizwa kama unajua kwa nini umeletwa, yaani ujishtaki mwenyewe, ushahidi unasomewa ila majina ya mashahidi yamefichwa, kwa hiyo unabaki kukisia ni jirani au ni shemeji. Wengi hawakuchomwa moto, walichapwa, walifungwa, walinyang'anywa mali. Wa kuchomwa walikabidhiwa maofisa wa mfalme, eti kanisa halimwagi damu (ujanja wa kisheria tu huo).

Sasa Yusuf bin Hassan. Baba yake aliyekuwa sultani wa Mombasa aliuawa kwa njama za Wareno, mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Kiagustino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, na 1626 akarudishwa kutawala. Masimulizi ya Wareno yanasema alionekana akiomba Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, habari zikamfikia kapteni wa ngome, na mpango ukawa apelekwe Goa kushtakiwa. Hakusubiri. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, kapteni akauawa, Wareno na Waafrika waliobatizwa wakaambiwa wasilimu, waliokataa wengi wakauawa, na hapo mi simtetei maana naye aliwafanyia wenzake kilekile alichokuwa anakikimbia.

Wareno walituma manowari kutoka Goa wakashindwa kumtoa, ila 1632 akaihama Mombasa mwenyewe, akawa haramia wa baharini. Goa nao wakaita walionusurika, wakawaapisha na kuandika ushahidi wao ili waliouawa watangazwe mashahidi wa dini, yaani watu waliokufa kwa ajili ya imani yao, na mengi tunayoyajua leo kuhusu siku ile yametoka kwenye faili hizo.