Mwili wa NBA hautoshi kumpa mtu mkanda wa uzito wa juu

Kila Mmarekani anapochapwa kwenye uzito wa juu, hoja ni ile ile. Eti wanaume wenye miili kule kwao wamemezwa na NBA (ligi ya kikapu) na NFL (ligi ya mpira wa Kimarekani), ndiyo maana mikanda imehamia Ulaya, na laiti LeBron James angevaa glovu badala ya kushika mpira wa kikapu, Tyson Fury wa Uingereza na Oleksandr Usyk wa Ukraine wasingejulikana. Mimi nafundisha ngumi. Hoja hii naisikia gym, naisikia kwenye daladala, na wiki iliyopita nimeisikia kwa kijana ninayemfundisha mwenyewe. Huyo ndiye aliyenifanya nikae kuandika, maana amekula ngumi za kutosha kuujua ukweli.

La umbo tulimalize haraka. LeBron ana sentimita 206. Bondia Mrusi Nikolai Valuev alikuwa na 213, ujanani alicheza kikapu na kurusha kisahani, akavaa mkanda wa WBA, chama kimojawapo cha ngumi za dunia, mwaka 2005. Novemba 2009 David Haye, ambaye Valuev alimzidi zaidi ya kilo 40, alimzunguka raundi 12 na kuondoka na mkanda huo. Joe Frazier alikuwa na sentimita 182. Mike Tyson alikuwa na 178, na alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 20. Urefu ni faida kwa anayejua kuutumia, basi.

Linaloniudhi hasa ni hili la kasi. Watu wanamwona mchezaji wa NFL anavyochomoka wanadhani kasi hiyo itaingia naye ulingoni. Promota Bob Arum amesimulia kisa cha mwaka 1966 pale London. Jim Brown, mkimbiza mpira ambaye mabeki wa NFL walimwogopa kuliko wote wa zama zake, alikuwa na wazo la kuingia kwenye ngumi. Muhammad Ali akamchukua hadi Hyde Park, akamwambia: nipige kwa nguvu zako zote. Brown akarusha, akarusha tena, hakugusa kitu. Baada ya kama nusu dakika Ali akamchapa usoni, haraka haraka, na Brown akasema ameelewa. Hapo habari ya kuingia kwenye ngumi ikaishia.

Brown hakuwa mzito wa mwendo. Sikuwepo, ila ninachokiona kwa kila mgeni kinanifanya niamini alikuwa anafukuza kichwa. Mgeni hufukuza kichwa, na kichwa ndicho chepesi kuliko vyote kukwepesha. Bondia aliyeiva anaanza na kifua, kwa sababu kifua hakina pa kwenda, au anapiga pale ambapo kichwa kitakuwa baada ya hatua inayofuata. Kasi yake iko kwenye kusoma bega la mpinzani kabla ngumi haijatoka, na kwenye hatua fupi isiyopishanisha miguu. Mbio za yadi 40 wanazopimwa nazo wachezaji wa NFL hazimfundishi mtu hayo.

Halafu kuna kupigwa. Mchukue mtu yeyote mwenye nguvu, mwanamichezo wa kweli, umpandishe ulingoni kwa sparingi ya kwanza, kisha mguse puani na ngumi moja nyepesi ya mkono wa mbele. Macho yanafumba. Kidevu kinapanda. Mikono yote miwili inatoka kusukuma, viwiko vinaziacha mbavu wazi, na pumzi anaibana. Yote hayo yanatokea kwa pamoja, na kila moja linamwita mpinzani apige ngumi ya pili. Hakuna aliyemfundisha, mwili unajihami wenyewe. Kazi ya kocha miaka ya mwanzo ni kuuvunja ulinzi huo wa asili na kuujenga mwingine: macho wazi, kidevu chini, toa hewa, rudisha. Kwa mtoto wa miaka 11 somo hili linazama mpaka analisahau kama aliwahi kufundishwa. Kwa mwanamume wa miaka 27 linaingia pia, tena mazoezini anapendeza kabisa. Tatizo ni raundi ya saba, akiwa amechoka na ameumia, pale mambo ya siku ya kwanza yanaporudi yote.

Na atachoka. NFL mtu anatoa nguvu zote kwa sekunde chache, wanasimama, wanajipanga upya. Kwenye kikapu unapumzishwa benchi. Pambano la ubingwa ni dakika 36, na kinachomaliza mtu humo ni kukaza mwili kuliko mwendo wenyewe. Mabega ya mgeni yanakuwa magumu tangu kengele ya kwanza, na misuli mikubwa inapokazwa muda wote inakula hewa bila huruma. Hata bondia kamili hili linamkuta. Kinshasa, Oktoba 30, 1974, George Foreman alikuwa bingwa ambaye hajawahi kupoteza pambano, na bado alijimaliza kwa kumpiga mtu aliyeegemea kamba, mpaka raundi ya nane Ali akamwangusha. Sasa mweke hapo mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kucheza raundi ya nne.

Waliojaribu wapo. Ed "Too Tall" Jones wa Dallas Cowboys aliacha NFL mwaka 1979, akapigana mara sita, akashinda zote dhidi ya watu wasio tishio, akarudi kwenye mpira wake. Mark Gastineau wa New York Jets hakufika popote pa maana. Seth Mitchell, aliyecheza mpira huo chuo cha Michigan State, alishinda mfululizo hadi tukaanza kumwamini, kisha Johnathon Banks akammaliza raundi ya pili mwaka 2012, na mwaka uliofuata Chris Arreola akammaliza raundi ya kwanza.

Lakini kuna upande mwingine, ambao makocha wenzangu hawapendi kuukubali. Uzito wa juu unawapokea waliochelewa kuliko uzito mwingine wowote. Foreman alichukua dhahabu ya Olimpiki 1968 akiwa na uzoefu mdogo mno ulingoni. Anthony Joshua alianza akiwa na miaka 18 na akachukua dhahabu London 2012. Deontay Wilder wa Marekani alikuwa na ndoto za mpira wa Kimarekani na kikapu, akaingia gym mwaka 2005 akikaribia miaka 20, akapata shaba Beijing 2008, na Januari 2015 mkanda wa WBC, chama kingine cha ngumi, ukawa wake. Jaribu hivyo kwenye kilo 51, utatolewa na vijana walioanza wakiwa darasa la tatu. Kwenye uzito wa juu washindani ni wachache, na ngumi moja inaweza kufuta makosa ya raundi tisa. Ngumi ya Wilder iliyafuta makosa ya miguu yake kwa miaka mitano, mpaka Fury alipomsukuma arudi nyuma Februari 2020, na kurudi nyuma hakukujua.

Kwa hiyo nakubali kwamba vijana wa miaka 15 waliokwenda kwenye kikapu wangeletwa gym, baadhi wangekuwa mabingwa. Ni wangapi, hapo sina hakika, kwa sababu kidevu hakipimiki kabla hakijapigwa. Nimeona wenye shingo nene wanalala kwa ngumi ya kawaida na wembamba wanaosimama. Wala siamini NFL peke yake ndiyo iliyowaondolea Wamarekani mikanda. Watu wanasahau kwamba Umoja wa Kisovieti haukuwaruhusu mabondia wake kupigana ngumi za kulipwa. Ulipovunjika mwaka 1991, shule nzima ya ngumi za ridhaa iliingia sokoni: ndugu wa Klitschko, Valuev, na hatimaye Usyk.

Usyk mwenyewe alitoka mchezo mwingine! Alikuwa akicheza soka Simferopol, akahamia ngumi akiwa na miaka 15. Ana sentimita 191 tu, na amewapiga Joshua na Fury mara mbili kila mmoja.

Kisha kuna Francis Ngannou, ambaye kila mbishi hunitajia. Oktoba 28, 2023, Riyadh, bingwa huyo wa zamani wa UFC, mashindano ya mapigano mchanganyiko (MMA), alimwangusha Fury raundi ya tatu na akapoteza kwa pointi, majaji wakiwa wamegawanyika. Machi 2024 Joshua akamlaza raundi ya pili. Watu wanachagua pambano moja kati ya hayo kulingana na wanachotaka kuthibitisha. Ila Ngannou hakuwa mgeni kama wanavyodhani. Alianza mazoezi ya ngumi Kameruni akiwa na miaka 22, na alifika Paris mwaka 2013 akitaka kuwa bondia; huko ndiko alikogeuziwa kwenye MMA. Angebaki kwenye ngumi, naamini angewania mkanda kabla ya 2020. Kumshinda Usyk, hapana. Miaka saba ambayo Usyk alimtangulia kwa umri wa kuanza ingemdai kuanzia raundi ya tisa.