Barua ya Deni Si Hukumu ya Wizi

Mama mmoja alikuja na bahasha mkononi, ananong'ona: "Dada, wameniandika mwizi." Nikaisoma barua mara mbili. Neno wizi halikuwamo. Iliandikwa kwamba alipewa SNAP, msaada wa chakula wa serikali, kupita kiwango, na anadaiwa.

Nawasaidia Waswahili wenzangu hapa Marekani kujaza fomu na kukalimani, na hakuna dhana inayoniuma kama hii: eti ukilipwa zaidi, umeiba.

Malipo ya ziada yana asili tatu. Kuna kosa la ofisi: ulipeleka hati zako za mshahara, karani hakuziingiza kwenye hesabu. Kuna kosa la familia lisilo la makusudi: ulisahau kutaja kipato fulani, au hukulielewa swali. Na kuna udanganyifu wa makusudi, ambao ofisi ndiyo yenye mzigo wa kuuthibitisha. Hata kosa la ofisi unadaiwa wewe. Kwangu hiyo si haki, lakini ndiyo sheria. Katika makosa mawili ya kwanza, kama bado unastahili, msaada unaendelea na unakatwa kila mwezi asilimia 10 au dola 10, ile iliyo kubwa. Udanganyifu ukithibitishwa, unafungiwa kupata SNAP miezi 12. Ukirudia, miezi 24. Mara ya tatu, maisha.

Mwaka wa fedha 2023 kiwango cha makosa ya malipo nchi nzima kilikuwa asilimia 11.68. Kila nikisikia mtu anakitaja kama kiwango cha wizi, damu inanichemka. Ndani yake wamo hata waliopewa pungufu!

Sasa, karatasi ya kuogopwa ni ile inayokutaka ukubali kuacha haki yako ya kusikilizwa katika tuhuma za udanganyifu. Watu wetu wanaisaini kwa adabu, kwa sababu tulikotoka karatasi ya serikali haikataliwi. Ukiisaini unafungiwa, hata kama hujakiri kosa lolote. Usisaini kabla ya kupata ushauri. Dai mkalimani, ni bure. Dai kuliona faili lako, kisha nenda ukasikilizwe. Na nakuomba sana, usimpe mtoto wa darasa la tano akutafsirie barua ya namna hii. Atakuficha asichokielewa.

Kwa yule mama tulilidai faili. Hati zake za mshahara zilikuwamo, zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Analipa deni kidogo kidogo, lakini lile neno halitamki tena.

Kuna na maneno mengine ninayoyasikia. "Kadi ya SNAP ni yangu, nikimpa mwenye duka dola 100 za kadi anipe 50 taslimu, ni makubaliano yetu." Hapana. Huo ndio udanganyifu wenyewe, na mahakama ikikutia hatiani kwa dola 500 au zaidi, unafungiwa maisha.

"Wakiniibia kwenye kadi, serikali itarudisha." Fedha za serikali kuu za kufidia wizi wa aina hiyo zilikoma kwa wizi uliotokea baada ya tarehe 20 Desemba 2024. Kadi nyingi bado zinatumia ule utepe wa sumaku unaonakiliwa kirahisi kwenye mashine ya dukani. Badilisha namba ya siri kila mwezi, siku moja kabla msaada haujaingia.

"Wasio na vibali ndio wanaoimaliza SNAP." Hawajawahi kustahili. Mtoto wao aliyezaliwa hapa anastahili, kwa sababu ni raia.

Mkanganyiko mkubwa sasa uko kwa wakimbizi wanaodhani mambo ni kama zamani. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa kwenye SNAP wakimbizi na waliopewa hifadhi, mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Basi ukikatwa kwa sababu hiyo, hujatuhumiwa kitu. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba ukaazi baada ya kukaa mwaka mmoja. Ukitimiza mwaka, usilaze fomu kabatini.